Mzee Cleophas, Aliyetufundisha Kumwambia Amekosea

Ndugu zangu wa Brooklyn Park, Burnsville, Shakopee na popote karatasi hii itakapowakuta, nawasalimu kwa jina la Bwana, na ninyi wenzetu mnaosali Ijumaa nawapa salamu yenu ya amani. Mmeamkaje? Watoto mafua yamewaachia? Na wewe uliyetukimbia ukaenda kubeba maboksi kwenye ghala la Shakopee, mgongo unasemaje? Sisi huku kwenye uwanja wa ndege hatujambo. Theluji imeyeyuka, tumebaki na matope na shukrani.

Nimepewa kazi ya kuandika habari za Mzee Cleophas Kabyemera, ambaye Jumatano ya tarehe 30 Aprili 2008 alirudisha funguo za pikapu baada ya miaka kumi na sita katika kikosi cha kuondoa theluji. Walionichagua walisema, "Ephrasia ndiye muongeaji, aandike yeye." Haya. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Muleba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosimulia, na kwenye nukta na mikato Mungu atanisaidia.

Kwa wasiotufahamu, uwanja wetu ni ule mdogo wa kusini mwa mto, si ule mkubwa mnaoshukia mkitoka nyumbani. Theluji ikianguka, magari yetu manne yanaingia kwenye njia ya kurukia ndege: mawili yenye bapa la chuma la kusukuma, langu lenye brashi, na moja la kumwaga mchanga. Mzee Cleophas alikuwa mkuu wa kikosi. Alikaa kwenye pikapu pale pa kutokea, na yeye peke yake ndiye aliyezungumza na watu wa mnara wa kuongozea ndege. Akiwaambia njia iko wazi, ndege inashuka. Basi fikirini neno la mtu mmoja lilikuwa na uzito gani.

Mzee alizaliwa Bukoba mwaka 1946, akawa fundi mitambo, na mwaka 1982 serikali ikampeleka Umoja wa Kisovieti kusomea ufundi wa ndege. Alikaa Kiev miaka mitano. Alirudi na Kirusi cha kutosha kugombana sokoni, na kofia ya manyoya ambayo ikilowa inamfanya afanane na paka aliyetumbukia kisimani. Huku Minnesota alifika 1990. Alipokuja kuomba kazi uwanjani alitoa vyeti vyake vya Kirusi, na bosi wa wakati huo akavishika juu chini, akavitazama sana, akasema ni vizuri. Akapewa koleo. Mzee mwenyewe akiisimulia hiyo huwa anacheka mpaka anashika meza.

Kitu kingine alichorudi nacho kutoka kule ni habari za ajali.

Siku zile nchi ile haikupenda kutangaza ajali zake za ndege. Ndege ikianguka, mara nyingi magazeti yalinyamaza, na watu wakazika ndugu zao kimya kimya. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa karakana, mzee mwenye vidole vilivyokatwa na mashine, ambaye alikuwa akifunga mlango na kuwaambia wanafunzi wake: anayetengeneza ndege lazima ajue kinachoziangusha. Akawaambia za barafu iliyoganda kwenye mabawa na watu wakaona uvivu kuisafisha. Akawaambia za mizigo iliyozidi, za marubani waliolazimisha kushuka kwenye ukungu kwa kuogopa kulaumiwa, za watu wa mnarani waliochoka. Mzee Cleophas alituambia kwamba kilichomnyima usingizi ni jinsi sababu zenyewe zilivyokuwa ndogo. Ni makosa ambayo hata sisi tungeweza kuyafanya kabla ya chai ya saa nne.

Mbili kati ya ajali hizo sisi wa kikosi tunazijua kama tunavyojua Baba Yetu.

Ya kwanza ni ya Omsk, Oktoba 1984. Mvua ilikuwa inanyesha, na magari ya kukausha njia yakaomba ruhusa kuingia. Kijana aliyekuwa zamu mnarani akawaruhusu. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani, hakuwa amepumzika, na usingizi ukamchukua pale pale kwenye kiti bila kuwasha alama kwamba njia ina watu. Madereva nao, taa za kuzunguka juu ya paa zilikuwa zinawaumiza macho, wakazizima. Ndege ikauliza, na mwenzake wa mnarani, ambaye hakuona alama yoyote, akajibu kuwa njia iko wazi. Walikufa zaidi ya watu mia na sabini, wengi wao abiria, pamoja na wafanyakazi waliokuwa kwenye magari. Magari kama yetu, jamani. Kazi kama yetu. Ndiyo maana Mzee alikuwa tayari kukusamehe ukichelewa, ukisahau chakula chako kikaozea kwenye friji, hata ukigonga nguzo, ila ukizima taa ya juu ya gari lako, siku hiyo unarudi nyumbani.

Ya pili ni ya Kuibyshev, 1986. Rubani mkuu aliwekeana dau na msaidizi wake kwamba anaweza kuishusha ndege yenye abiria bila kuona nje. Pazia likavutwa kwenye dirisha lake. Vyombo vikapiga kelele ya hatari, yeye akaendelea. Watu sabini wakapoteza maisha. Akifika hapo, Mzee alikuwa anatutazama mmoja mmoja, halafu anauliza, "Mle ndani hakuwepo hata mmoja wa kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea?"

Kutokana na swali hilo akaanzisha zoezi lake la Jumatatu, ambalo wageni wakilikuta walidhani tumepungukiwa akili.

Ilikuwa hivi. Kila Jumatatu kabla ya kazi, chai ya maziwa na tangawizi inachemka kwenye jiko la umeme pale bandani. Mzee anasimama, anataja jina la mtu mmoja, halafu kwa sauti nzito kabisa anasema uongo. Kwa mfano: "Wanjohi, leo upepo unatoka kusini." Na wewe unaona bendera dirishani inapepea kinyume. Hapo aliyetajwa lazima aseme mbele ya watu wote, kwa mdomo wake, "Mzee, umekosea." Asiposema, chai haimiminwi. Tutakaa pale hata robo saa, birika linapoa, na Mzee amesimama na uso kama wa hakimu.

Kwa Wanjohi, Mkenya wetu wa Brooklyn Park na dereva wa gari la kwanza la bapa, hiyo ilikuwa sikukuu. Mzee hajamaliza sentensi yeye ameshadakia, "Mzee, hapo umebugi! Tena umebugi vibaya!" Jairus, wa gari la mchanga, alikuwa analisema huku anatazama viatu vyake. Mimi ilinichukua muda. Nimelelewa kwamba mtu mzima akikosea unatafuta namna ya kulifunika lile kosa lake kama unavyofunika chungu. Mpaka nilipozoea, nilikuwa natoka jasho kwenye baridi.

Lakini kwa Dativa mambo yalikuwa mengine kabisa.

Dativa, ambaye wengi wenu mnamjua kwenye kwaya, alikuwa dereva wa gari la pili la bapa. Ni dereva kweli kweli, alipata leseni ya magari makubwa kabla ya wanaume wengi wa hapa. Pia ni mke wa Erick, na Erick ni mtoto wa Mzee Cleophas. Wahaya wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze: kwetu, mkamwana na baba mkwe wake wana mpaka kati yao. Hamtazami usoni. Anapiga magoti akimsalimu. Hali chakula mbele yake. Jina lake halitaji. Kule Burnsville waliishi nyumba moja, na Dativa alikuwa anasubiri Mzee ainuke mezani ndipo yeye achukue sahani. Sasa mtu huyo umwambie asimame mbele ya kikosi aseme, "Umekosea"?

Zamu yake ilipofika mara ya kwanza, Mzee alisema, "Dativa, leo hatuhitaji mchanga, barafu imeisha." Nje barafu inang'aa kama kioo. Dativa akainamisha kichwa. Tukasubiri. Birika likaacha kutoa mvuke. Wanjohi akanong'ona, "Dada, tuhurumie, tunakunywa maji ya mto kwa ajili yako." Dativa akamgusa Jairus kwenye kiwiko, ili Jairus amsemee. Mzee akaona.

"Hapana," akasema. "Siku ya hatari Jairus anaweza kuwa mbali. Itakuwa wewe na mimi."

Chai ikanywewa baridi. Zamu yake ya pili, baridi. Ya tatu, Dativa alikunja khanga mkononi, akalia, na bado hakusema. Wanjohi akaanza kuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani kila ikikaribia zamu ya Dativa.

Maneno yakatoka nje ya banda, kama mnavyojijua. Kwenye kikundi chetu cha sala Mama Blandina alisema wazi kwamba Mzee anamharibu binti wa watu. "Mkamwana amwambie baba mkwe amekosea! Tumekuja Marekani kupoteza hata hiki?" Wengi wakaguna kumuunga mkono, na nisiwadanganye, hoja yake ilikuwa na uzito. Adabu ndiyo mali pekee ambayo wengi wetu tulivuka nayo bila kulipia forodha. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili lakini wanatujibu kwa Kiingereza, na ukiwaita wanakuja na simu mkononi. Ukitoa na mipaka ya wakwe, kinabaki nini?

Mama Blandina alimfuata Mzee mwenyewe baada ya ibada, na mimi nilikuwepo, nimeshika sufuria. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akasema, "Dada yangu, kule Kuibyshev hawakukosa adabu. Walikuwa nayo ya kutosha. Watu sabini walizikwa nayo." Halafu akaongeza kwa upole, "Nyumbani aendelee kunipigia magoti akipenda. Kwenye redio nataka sauti yake." Mama Blandina hakukubali. Na Mzee alikataa pia kumhamisha Dativa kikosi kingine, ingawa bosi alikuwa tayari.

Sasa niwaeleze ile siku, maana wengi mmeisikia vipande vipande, na kila aliyesimulia ameongeza chumvi yake.

Ilikuwa Februari 2004, baada ya chakula cha mchana. Theluji ilikuwa haianguki, ilikuwa inakwenda kando, upepo umeikamata kama mtu anayekung'uta shuka. Ukinyoosha mkono nje ya dirisha huoni glavu yako. Tulikuwa njiani sote wanne, tumekaribia kumaliza, mnara ulipomwita Mzee: ndege ndogo ya wagonjwa inakuja, ina mgonjwa ndani, na uwanja kule ilikokuwa inakwenda umeshafungwa kwa hali ya hewa. Inahitaji njia sasa hivi.

Mzee akatuambia kwenye redio yetu, kwa Kiswahili kama kawaida, "Wote tokeni. Acheni kilichobaki. Tokeni."

Nikatoka na brashi yangu, nikaegesha nyuma ya pikapu yake. Jairus akatoka. Wanjohi akatoka na bapa lake, akaona ameacha lundo la theluji pale mdomoni mwa njia ambalo lingeweza kushika gurudumu la ndege, akageuza, akaingia kulisukuma, akatoka tena. Ilikuwa kazi nzuri, na ndiyo iliyotaka kutuua. Maana Mzee, kwenye ule weupe, aliona bapa likitoka, na baadaye kidogo akaona bapa likitoka. Kwenye hesabu yake yalikuwa mabapa mawili. Mimi mwenyewe nilidhani Dativa ametutangulia sote, yuko mbele kule tusikoona.

Dativa alikuwa katikati ya njia. Bapa lake lilikuwa limenasa kwenye tuta la barafu, gari likazimika. Taa ya juu ya paa ilikuwa inawaka, hakuizima, lakini theluji ilikuwa imeganda juu yake kama kofia, hakuna mwanga uliotoka.

Mzee akageukia redio ya mnara. Redio hiyo nasi tunaisikia kwenye magari yote. Akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya utulivu, kwamba njia iko wazi, watu na magari yote yametoka. Mnara ukamshukuru. Ukamwambia rubani ashuke.

Ndugu zangu, nikafungua kifuniko cha chupa yangu ya maji. Nakumbuka hilo. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Ndipo redio yetu ikalia *tki*. Ule mlio wa mtu aliyebonyeza kitufe. Hakukuwa na neno, pumzi tu. Halafu *tki*, ameachia.

Nikajua. Mwanamke anajua pumzi ya mwanamke mwenzake anayemeza neno. Nikageuza shingo kutafuta gari la Dativa, na sikuona kitu ila weupe. Wanjohi alikuwa ameshusha kioo chake, ananitazama, mdomo wazi. Mbali huko juu nikasikia mngurumo, mdogo kama nzi kwenye chupa. Sikuomba kwa maneno. Nilisema tu Yesu, Yesu.

*Tki* tena.

"Baba."

Alimwita Baba, kama anavyomwita nyumbani. Sauti ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto.

"Baba, umekosea. Mimi niko katikati ya njia."

Sasa sikilizeni alichofanya Mzee, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike. Mtu yeyote wa umri wake angeuliza, "Una hakika?" Angesema, "Nani huyo?" Angejitetea hata kwa nusu ya pumzi, kwa kuwa moyo wa mtu mkubwa hauteremki haraka. Mzee hakuchukua hata hiyo nusu. Neno "njia" halijaisha kutoka kinywani mwa Dativa, yeye ameshashika redio ya mnara: "Nimekosea. Kuna gari njiani. Irudisheni juu."

Mnara ukapiga kelele. Ule mngurumo ukageuka kuwa sauti nyingine, nzito, ya injini iliyotiwa nguvu zote. Taa mbili zikatokea kwenye weupe, chini mno, chini kuliko nilivyowahi kuona taa za ndege nikiwa nimekaa kwenye gari. Zikapita. Kioo changu kilitikisika kwenye mpira wake. Halafu taa zikapanda, zikamezwa, na kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia waipa zangu zikikwaruza kioo.

Mwishowe Wanjohi akaita: "Dativa? Dada?"

"Nipo."

"Sema tena."

"Nipo, kaka. Gari limewaka. Natoka."

Alipotokea pale mdomoni, bapa lake limejaa theluji, na ile taa yake ya juu imevaa barafu, Wanjohi alikuwa ameshashuka, amesimama kwenye upepo bila kofia. Alipanda kwenye ngazi ya gari la Dativa na kumwambia dirishani, huku machozi yanamganda mashavuni, "Basi kuanzia Jumatatu tutakunywa chai ya moto." Dativa akacheka. Alicheka na kulia mpaka nikamvuta nikamweka kwenye gari langu penye joto. Ndege ile ilizunguka, ikashuka salama njia ilipokuwa wazi kweli, na mgonjwa wake akapelekwa hospitali. Utukufu kwa Mungu.

Siku hiyo hiyo Mzee Cleophas aliandika taarifa juu yake mwenyewe kabla hajaulizwa na mtu. Bosi alitaka iandikwe kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mzee akakataa. Alisema kule Omsk na kwingineko kilichowaua watu mara ya pili na ya tatu ni kwamba habari ya mara ya kwanza ilifichwa, kwa hiyo yake iandikwe kama ilivyo: aliona bapa moja mara mbili, akahesabu mawili. Akaondolewa ukuu kwa mwezi mmoja. Mwezi huo alipanda gari la mchanga kama msaidizi wa Jairus, na Jairus anasema hajawahi kuona aibu ya namna hiyo, kumwamuru Mzee "shuka uangalie gurudumu," na Mzee anashuka.

Kutokana na siku hiyo ndipo ulipoanza utaratibu tulio nao: kila dereva akitoka njiani anataja jina lake mwenyewe kwenye redio, na mkuu wa kikosi hasemi njia iko wazi mpaka awe amesikia majina yote kwa masikio yake. Macho hayahesabiwi. Na kila gari kabla halijaingia, mtu mwingine anaipangusa taa yake ya juu. Viwanja viwili vya jirani vimekuja kuuiga. Hilo ni jambo la kumshukuru Mzee, ingawa yeye akisifiwa anasema sifa ni ya Dativa.

Jumatatu iliyofuata baada ya ile siku, sote tulifika mapema. Birika lilikuwa linachemka. Zoezi halikufanyika. Mzee alichukua kikombe, akamimina cha kwanza, akavuka banda akakipeleka kwa mkamwana wake. Akakitoa kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni wa heshima kahawa ya kutafuna. Dativa alianza kupiga magoti kwa mazoea. Mzee akasema, "Simama, mwanangu. Kunywa ingali ya moto."

Akanywa. Mbele yake, akimtazama usoni. Wahaya mtanielewa nikisema sikujua nitazame wapi.

Mama Blandina aliposikia, alikaa na habari hiyo wiki nzima. Jumapili iliyofuata alimletea Mzee ndizi zilizopikwa na njugu, sufuria kubwa, akaiweka mezani akaenda zake bila neno. Mpaka leo hajasema kama anakubali au hakubali. Ila sufuria hajaidai.

Siwezi kuyamaliza yote. Alivyowafundisha vijana wapya kulala mchana kabla ya zamu ya usiku na kuwapa punje za kahawa kutoka mfukoni. Alivyomwimbia bosi mpya wimbo wa Kirusi kwenye sherehe ya Krismasi, na bosi akauliza kama ni Kiswahili. Alivyomzika mke wake, Ma Pamela, mwaka 2006, akarudi kazini siku ya nne kwa sababu theluji haikusubiri, na sisi tukamwimbia bandani kabla ya kutoka. Miaka kumi na sita, na hakuna mtu wetu aliyezikwa kwa ajili ya kazi hii. Kwa anayejua kazi yenyewe, hapo hapahitaji maelezo.

Jumatatu ya mwisho, tarehe 28 Aprili, barafu hakuna, jua linawaka, na bado birika lilikuwa jikoni. Mzee akasimama mahali pake. Tukajua linakuja, lakini hatukujua kwa nani. Akatutazama muda mrefu kuliko kawaida, akakohoa.

"Dativa," akasema, "bila mimi kikosi hiki hakitaweza kazi."

Alisema kwa sauti nzito ileile ya uongo wake wa kila wiki. Lakini naapa safari hii kidevu kilicheza kidogo, nami nikaona kwamba sehemu yake fulani ilikuwa inauliza kweli, kama mzee yeyote anayeacha kazi anavyouliza.

Dativa hakungoja birika lipoe. Tangu Jumatano hii funguo za pikapu ziko kwake, yeye ndiye mkuu wa kikosi sasa. Alimtazama usoni, akasema taratibu, kwa mapenzi yote ya mkamwana, "Baba, umekosea."

Na chai ikamiminwa.

Mzee wetu, asante. Asante kwa kututisha na wafu wa mbali ili tusizike wa karibu. Mungu akupe asubuhi ndefu zisizo na theluji, wajukuu wanaokujibu kwa Kiswahili, na kiti karibu na dirisha pale Burnsville. Maisha yako ya mapumziko yawe mema, yawe na afya, na kofia ile ya manyoya tafadhali iache kwenye sanduku.

Nanyi mnaosoma, sherehe ya kumuaga ni Jumamosi tarehe 3 Mei, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa letu Brooklyn Park. Karatasi hii itasomwa mbele yake. Nimemfahamu miaka mingi lakini sikuwepo kila mahali, na kumbukumbu yangu ni ya binadamu. Kama kuna mahali nimekosea, jina, mwaka au jambo lolote, usiseme moyoni kwamba ni dada mkubwa, tumwache. Niambie. Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.

Ni mimi dada yenu katika Bwana,
Ephrasia, wa gari la brashi